Kabla ya kuchangisha gitaa jipya la besi, kagueni spika, nyaya na nyuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na viongozi wa kwaya, viongozi wa bendi na wenye kumbi za sherehe juu ya jambo ambalo nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nikiwa mpiga gitaa zito la besi katika bendi za dansi, na sasa nikiwa fundi wa vyombo hivyo hapa Tanga. Jambo lenyewe ni kwamba magitaa mengi ya besi yanayotupwa stoo kwa madai ya kuchakaa ni mazima, na fedha zinazochangishwa kununua mapya zingetosha kuyatengeneza yaliyopo mara kadhaa, kama wahusika wangejua ubovu uko wapi.

Mwezi uliopita kwaya moja ya hapa mjini iliniita niwashauri juu ya ununuzi wa gitaa. Kadi za mchango zilikuwa zimeshagawiwa, na sababu waliyoelezwa waumini ni kwamba gitaa la zamani halitoi besi tena. Nilimwomba kijana anayelipiga alikung'ute, nami nikasimama katikati ya ukumbi. Kweli, nilisikia mlio mwembamba wa juu, na mkwaruzo kila alipotia nguvu, lakini ule mngurumo unaotakiwa kumfikia mtu kifuani haukuwapo. Nilipoisogelea spika ya kushoto mpaka nikaiwekea kiganja, mngurumo ulikuwapo; nilipokwenda kwenye spika ya kulia, ulikuwapo vilevile; nikirudi katikati, unapotea. Waya wa spika moja ulikuwa umegeuzwa, nyekundu mahali pa nyeusi, kwa hiyo koni ya kushoto, yaani ule uso wa spika unaotikisika, ilipokuwa ikisukuma hewa mbele, ya kulia ilikuwa ikiivuta nyuma, na mawimbi mazito yakawa yanauana yenyewe kabla ya kumfikia msikilizaji. Wimbi la sauti ya uzi wa E wa besi, ule mzito kuliko zote, lina urefu wa mita 8 na zaidi, ndiyo maana kosa hilo huimaliza besi ukumbi mzima, huku sauti nyembamba, zenye mawimbi mafupi, zikisikika karibu kama kawaida. Nililegeza skrubu mbili, nikageuza waya, nikakaza. Haikuchukua dakika tano, na gitaa lililokwisha kuhukumiwa likanguruma hadi vioo vya madirisha vikatetema.

Nimelitanguliza kosa hili kwa sababu nalikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na kwa sababu halina dalili ya ubovu: hakuna moshi, hakuna kukoroma, na kila spika ikisikilizwa peke yake ni nzima. Mtu yeyote anaweza kulipima kwa betri ya kawaida ya volti 1.5. Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti, kisha gusisha ncha zake mbili kwenye betri, ncha ya upande mwekundu ikiwa kwenye chanya. Koni ikiruka kuja mbele, waya uko sahihi. Ikizama ndani, umegeuzwa. Usiigandishe betri hapo, kwani mguso wa nusu sekunde unatosha, na kinachotafutwa ni spika zote za ukumbi kuruka upande mmoja.

Kosa la pili ni kumchomeka mpiga besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo kwa kuwa tundu ni lilelile. Uzi mzito wa gitaa la solo hutetema mara 82 kwa sekunde, na ule wa besi hutetema mara 41. Tofauti hiyo ya oktava moja, yaani mitetemo mara mbili, inaonekana ndogo, lakini kwa spika ni mzigo mkubwa, kwa maana ili sauti iwe na nguvu ileile, koni inapaswa kwenda mbele na nyuma umbali ulio mara 4 ya ule inaokwenda kwa sauti iliyo oktava moja juu. Koni ya solo haikutengenezwa kwa safari hiyo ndefu; inatapatapa, koili yake, yaani waya uliosokotwa nyuma ya koni, inatoka kwenye mstari, na baada ya miezi michache inaanza kukwaruza. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969 kwa ajili ya wapiga besi wa majukwaa makubwa, iliipa wati 300 na kasha lililozibwa lenye spika 8 za inchi 10, ili mzigo wa kusukuma hewa ugawanywe kwa koni nyingi na hakuna hata moja itakayolazimika kwenda mbali sana. Kwa ukumbi wa kawaida hatuhitaji mtambo wa ukubwa huo. Kwa uzoefu wangu, kasha moja lenye spika ya inchi 15, au mawili yenye spika za inchi 10 mbilimbili, pamoja na amplifaya ya besi ya wati 300 hivi, hutosha kukaa sambamba na drams bila kulazimishwa.

Neno kulazimishwa nimelitumia kwa makusudi. Watu wengi huamini kwamba amplifaya kubwa ndiyo inayounguza spika, kumbe mara nyingi ni ile ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ikifikia kikomo chake hukata vilele vya mawimbi, na wimbi lililokatwa namna hiyo huweza kupeleka kwenye koili nguvu inayokaribia mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ukitaka kujua kama spika imeshaumia, zima mtambo, weka vidole vya mikono yote miwili pande mbili za koni, isukume ndani taratibu na kwa usawa, kisha uiachie. Spika nzima hairudishi sauti yoyote. Ukisikia mkwaruzo kama wa karatasi ya msasa, koili inasuguana na sumaku, na hapo kuongeza au kupunguza vifundo hakutasaidia kitu. Ipelekwe kwa fundi ikasukwe upya.

Wapo pia wanaounguza amplifaya kwa ukarimu wa kuongeza spika. Nyuma ya kila amplifaya pameandikwa kiwango cha chini cha omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, inachoweza kubeba, na mara nyingi ni omu 4. Spika moja ya omu 8 ni salama; mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4; ya tatu ikiongezwa, mzigo unashuka hadi karibu omu 2.7, na amplifaya ya transista inaanza kuvuta umeme kupita uwezo wake, inachemka, na kama haina kinga ya ndani inaungua. Harusi ikiwa kubwa kuliko ilivyotarajiwa, watu huazima spika kwa jirani na kuichomeka bila hata kuigeuza amplifaya wakasoma maandishi. Kwa bendi kongwe ambazo bado zina amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, sharti ni jingine: isiwashwe kamwe bila spika, hata kwa dakika moja ya majaribio.

Nyaya nazo zina aina mbili, ingawa jeki zake zinafanana. Waya wa kutoka kwenye gitaa una uzi mwembamba katikati, uliozungukwa na nyuzi za shaba zilizosukwa ili kuzuia mvumo. Ukitumiwa kupeleka umeme wa amplifaya kwenye spika, unapata moto na unaweza kuua amplifaya. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zisizo na kinga. Ukitumiwa kwenye gitaa, utavuma kama friji mbovu. Kila aina ibandikwe utepe wa rangi yake, na waya wa gitaa usizidi mita 6, kwani ukiwa mrefu zaidi unakula makali ya sauti. Panapohitajika umbali mrefu, kutoka jukwaani hadi kwa fundi mitambo, kitumike kisanduku cha DI, ambacho huibadilisha sauti ya gitaa ikaweza kusafiri mita 30 na zaidi katika waya wa maikrofoni bila kuokota mvumo. Kwaya isiyo na uwezo wa kununua amplifaya ya besi ninaishauri ianze na kisanduku hicho, kisha impitishe mpiga besi kwenye mixa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, na spika kubwa za ukumbi.

Juu ya urekebishaji wa sauti nina maoni ambayo vijana wengi hawayapendi. Mpiga besi akikabidhiwa ekolaiza, yaani vifundo vya kurekebisha sauti za chini, za katikati na za juu, jambo la kwanza analofanya ni kupandisha vifundo vya chini na vya juu na kushusha vya katikati. Akiwa peke yake chumbani, sauti hiyo inavutia. Ndani ya ukumbi wa kuta za zege, ambako sauti za chini hugonga pembe na kurudi zikiwa tope, hakuna mtu atakayetambua noti gani imepigwa. Sikio huitambua noti ya besi kwa sehemu kubwa kupitia milio yake ya katikati, na hiyo ndiyo aliyoizima. Aliyewasikiliza Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, anaijua besi ya Tommy Malanga: haina kishindo, haimfuniki mwimbaji, na bado unaweza kuiimba noti kwa noti kutoka mwanzo hadi mwisho. Ushauri wangu ni vifundo vyote viachwe katikati, spika isogezwe mbali na pembe ya ukuta, na kama besi bado inazama, kifundo cha katikati kiongezwe kidogo kabla ya kugusa kile cha chini.

Sasa nirudi kwenye gitaa lenyewe, kwa kuwa lile la kwaya halikuwa salama kabisa. Kesho yake nilililaza mezani kwangu. Nyuzi zilikuwa nyeusi, na nilipopitisha ukucha juu ya uzi wa E, uchafu ulitoka kama masizi ya sufuria. Kwenye daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini, skrubu za kupandisha na kushusha zilikuwa zimejaa kutu hata ufunguo hauingii. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta betri ya volti 9 imevimba, na maji yake yamekaukia kwenye viunganishi yakawa unga mweupe. Hapo ndipo ulipokuwa unatoka ule mkwaruzo wa kila alipopiga kwa nguvu, kwa sababu betri inayokufa haiwezi kubeba vilele vya sauti. Kijana aliniambia kwa unyofu kwamba hakujua kama ndani mna betri. Hakuna aliyewahi kumwambia, na sikuona sababu ya kumlaumu. Magitaa ya namna hiyo huwashwa na jeki: ukichomeka waya umewasha, ukiuacha umechomekwa betri inaendelea kuliwa. Waya uchomolewe kila baada ya ibada au onyesho, na betri ibadilishwe kila miezi 6 hata kama bado inafanya kazi, kwani bei yake ni ndogo mno kulinganisha na saketi itakayoliwa na maji yake.

Sisi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, jasho la mikono lina chumvi vilevile, na mfuko wa nailoni tunaofungia gitaa likiwa bado na joto la jukwaani unavizuia vyote viwili visitoke. Nyuzi zinazokaa miezi kadhaa zikiwa na sauti nzuri kule Iringa au Nairobi, hapa Tanga hufifia baada ya wiki chache. Dawa yake si ngumu. Mpigaji anawe mikono kwa sabuni kabla ya kupiga. Akimaliza, apitishe kitambaa kikavu cha pamba, kipande cha kanga iliyochakaa ndicho bora kuliko vyote, juu ya kila uzi na chini yake pia, kwani sehemu ya chini inayotazama shingo ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayooza kwanza. Gitaa lisubiri nusu saa kabla ya kufungiwa, na ndani ya mfuko viwekwe vile vipakiti vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu. Nyuzi zilizofifia lakini hazijashika kutu zinaweza kuvuliwa, zikalazwa usiku mmoja katika spiriti ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri, mbali na moto, kisha zikafutwa na kuachwa zikauke kabisa. Makali yake yatarudi kwa muda. Wapo wanaozichemsha kwa maji, na njia hiyo inafanya kazi, ila maji yakibaki ndani ya msokoto wa uzi, kutu itafuata, kwa hiyo mimi nimeiacha. Zikishashika kutu zisiokolewe, kwani zitazila freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, kama tupa.

Wakati wa kubadilisha, vua uzi mmoja na uweke mmoja. Nyuzi 4 za besi kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na tangu mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa gitaa lake la Precision kule California mwaka 1951, urefu wa uzi unaotetema kwa magitaa mengi umebaki inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Shingo ndefu namna hiyo chini ya mvuto mkubwa namna hiyo ndiyo maana ndani yake pamewekwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa. Ili kujua hali yake, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine uubonyeze pale shingo inapoungana na mwili, kisha utazame upenyo ulioko kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Upenyo unaopitisha karatasi tatu za daftari kwa pamoja unafaa. Ukiwa mkubwa zaidi, shingo imepinda mbele, nyuzi zitakuwa juu na vidole vitaumia. Usipokuwapo kabisa, nyuzi zitagonga freti na kukoroma. Upenyo ukiwa mkubwa, fimbo hukazwa kwa kuzungusha ufunguo kwa mwendo wa saa; usipokuwapo, hulegezwa kinyume chake, na kwa siku moja usizungushe zaidi ya robo mzunguko. Liache gitaa lilale, shingo itulie, ndipo upime tena kesho. Ufunguo ukigoma, usitumie nguvu. Nimeshapokea magitaa ambayo fimbo ilikatikia ndani kwa mkono wa mtu mwenye haraka, na kazi ya kuifungua shingo ni ghali kuliko gitaa lenyewe.

Kwa anayenunua gitaa lililotumika, pale Kariakoo au kwingineko, nitasema kwa ufupi: tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kama seremala anavyotazama ubao, piga kila freti ya kila uzi, na hakikisha fimbo ya shingo inazunguka. Rangi iliyobanduka si kasoro. Kwa mtambo uliotumwa na ndugu aliyeko Marekani, soma kwanza nyuma yake, kwani ulioandikwa volti 120 peke yake utaungua siku hiyohiyo ukichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma.

Limebaki jambo la uhai wa mtu, nalo ni ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Amplifaya nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya zina plagi ya miguu miwili ya mviringo, ambayo ethi yake iko kwenye bati za pembeni. Mafundi wetu wa harusi huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu, wakaisukuma plagi hiyo ndani, na muziki ukalia. Umeme umepita, lakini ethi haijaguswa. Mpiga besi ameshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya hiyo. Siku amplifaya itakapovujisha umeme kwenye bati lake, nyuzi nazo zitakuwa na umeme, na akisogeza midomo kwenye maikrofoni iliyotoka kwenye soketi nyingine, mwili wake ndio utakaokuwa waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alifariki jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni iliyokosa ethi. Nawasihi wenye kumbi wamwite fundi umeme aliyesajiliwa, akague ethi ya soketi za jukwaani, na plagi zote za miguu miwili zikatwe na kufungwa plagi za miguu mitatu. Nawasihi wapiga besi nao wagusishe testa ya umeme kwenye nyuzi na kwenye maikrofoni kabla ya wimbo wa kwanza, kila mara wanapofika ukumbi mgeni.

Ile kwaya imeshaagiza seti moja ya nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (kwa sehemu za elfu moja ya inchi), betri mbili, waya mpya wa gitaa na plagi tatu. Fedha zilizobaki ziko kwa mhazini, na kamati imeniuliza kama bado wanunue gitaa la pili. Nimewashauri wanunue amplifaya ya besi yenye kasha la inchi 15, na kitambaa cha turubai cha kuifunika isiingiwe na vumbi la ukumbi.

Wako,
Mpiga gitaa la besi,
Chumbageni, Tanga.